Miguu Mlimani

Ratih, shoga yangu, nimekwisha.

Si unajua hoteli ya huku kisiwani Lembongan ya kumpumzisha mama yake Arsana niliichagua mimi? Nikang'ang'ania chumba ambacho kitanda kinatazama bahari, ili akiamka tu auone Mlima Agung ng'ambo.

Mama kafika mlangoni, kakitazama kitanda. Halafu: "Mwanangu, nilale nimewanyooshea miungu wa mlimani miguu?"

Miguu, Ratih. Mimi mzaliwa wa Bali nimewaza mandhari tu.

Tukataka kukigeuza kitanda. Kimejengewa sakafuni kwa saruji. Arsana, mchumba wangu mwenyewe, anatazama dari, hanitetei.

Sasa mama katandika mkeka barazani, kichwa kakielekeza mlimani. Nimempelekea mto.

"Asante, mgeni wangu," kasema.

Mgeni. Asubuhi kwenye boti alikuwa ananiita mkamwana.