Mgeni wa Mama Somoe na Taarifa ya Asubuhi

Likombe, Mtwara

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimekuachia? Na baridi ya Njombe je? Mimi ni mzima, ila nimechoka, na woga wangu unaujua.

Bado ni karani wa redio. Juzi nilikuwa nakunywa chai kwa mwenye nyumba wangu, Mama Somoe, redio yetu ikatangaza kwamba wahamiaji haramu kutoka ng'ambo ya Ruvuma wamejificha mitaani. Mkekani alikaa Fatu, mtoto wa dada yake, aliyekimbia kijiji chao huko ng'ambo kilipochomwa moto. Mwanawe alikuwa na homa kali na walikuwa wanajiandaa kwenda zahanati. Fatu akavua kandambili, akarudi ndani.

"Siendi. Watanikamata."

Mama, Fatu hakujificha. Siku aliyofika, Mama Somoe alimpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, kama wanavyofanya hapa kwa kila mgeni, na Fatu akaomba hifadhi. Jibu halijatoka.

Nikaenda kazini. Nikamwambia mkuu wa habari kwamba anayesubiri jibu ni mwomba hifadhi, akikubaliwa ni mkimbizi, na kumwita haramu ni kumhukumu kabla hajasikilizwa.

"Wewe karani au hakimu?" Wenzangu wakacheka.

"Karani, mkuu. Ila mmoja wao nakaa naye. Mpigie mwenyekiti wa mtaa."

Akapiga, uso ameukunja. Mchana taarifa ikasomwa upya, imesahihishwa. Tangu hapo hajanisalimia, na mkataba wangu unaisha mwezi huu.

Nikaomba ruhusa, nikakimbilia nyumbani. Mama Somoe alikuwa ameshatoa betri redioni, hawakusikia kitu. Nikawaeleza kwamba taarifa imesahihishwa.

"Hayo imesema redio, au unasema wewe?" Fatu akauliza.

"Redio."

"Ya redio siyataki. Wewe je?"

Nikasema nitakwenda naye.

"Na woga wako huo, utamwangusha mjukuu wangu," Mama Somoe akasema, akanifunga mtoto mgongoni kwa kanga. Tukapita barabara kubwa, jua la utosi, watu wakitutazama. Fatu alinishika kiwiko mpaka dirisha la dawa.

Mtoto ameanza kuomba uji.

Nisalimie dada na kichanga chake, na babu anayelinda mahindi. Baba mwambie polepole, akishakula: huenda nikarudi bila kazi.

Mwanao,
Neema