Masaa Matatu ya Jassi

Jumatatu, 20 Machi

Nimesoma vipima mvua saa tatu asubuhi, kama kawaida. Dagoretti milimita sita. Mtaani Karen hakuna kitu. Nimeingiza namba kwenye daftari, nikafuatisha mawingu kwenye picha ya setilaiti. Miaka kumi na sita nafanya hivi. Hakuna aliyewahi kunipigia makofi.

Leo wamempigia Jassi. Ana miezi mitano tu hapa kituo cha hali ya hewa. Amerudi kutoka ng'ambo na shahada yake. Amelinganisha umeme wa radi wa mwaka jana na mvua ya mwaka jana. Anasema umeme ukianza nyuma ya milima ya Ngong, mvua kubwa hufika Karen baada ya masaa matatu na nusu. Mvua hiyo niliipima mimi. Jina langu halimo.

Bosi, Bwana Mutiso, alisema, "Huyu ndiye tulikuwa tunangoja." Nilikuwa nimesimama kando yake.

Namchukia Jassi. Hapana. Namwonea wivu. Afadhali niandike hivyo.

Jumanne, 21 Machi

Mama yake Jassi amemfungia sambusa. Akaniletea nne. "Chukua bana, Mama Kui, nyumbani hatumalizi." Nimekula zote. Tamu. Nimeudhika zaidi.

Alhamisi ya wiki ijayo anasoma ripoti yake hotelini mjini, mbele ya wageni. Amepewa gari la ofisi. Mimi niliomba gari mwaka juzi kwenda kurekebisha kipima mvua. Nikaambiwa nipande basi.

Jumatano, 22 Machi

Nimeona kosa.

Nilichukua ripoti yake nitafute pa kumcheka. Dhoruba ya Mei naikumbuka vizuri, iling'oa paa la jirani yangu huko Kawangware. Umeme ulianza saa kumi jioni, mvua nusu saa baadaye. Yeye ameandika umeme ulianza saa saba mchana. Nikafungua faili za umeme. Saa za faili hizo ni za Greenwich, Uingereza. Za daftari langu ni za Nairobi. Tofauti ni masaa matatu. Ukiyatoa, inabaki nusu saa.

Nusu saa tu!

Nilicheka peke yangu kwenye korido. Sijamwambia. Wacha asome mbele ya wageni. Hatakosekana mtu wa kuuliza.

Ijumaa, 24 Machi

Sijamwambia.

Jumamosi, 25 Machi

Zamu yangu na Jassi. Saa nane na dakika kumi skrini ilionyesha umeme nyuma ya Ngong. Simu ikalia. Shule moja ya Karen, siku ya michezo, wazazi wamejaa kwenye mahema. Jassi akawaambia, "Msiwe na wasiwasi. Mna mpaka saa kumi na moja." Akaweka simu chini, ametulia kabisa.

Nilijua. Nikakaa. Nikasema moyoni, wakilowa watamlaumu yeye. Nikamimina chai. Dakika kumi na mbili. Nilizihesabu baadaye.

Kisha umeme kwenye skrini ukavuka milima. Nikachukua simu mwenyewe.

"Ingizeni watoto madarasani. Sasa hivi."

"Lakini mwenzako ametuambia tuna masaa matatu," mwalimu mkuu akasema.

"Amekosea. Waingize, madam. Tafadhali usinibishie."

Watoto waliingia wote. Mwalimu wa michezo alirudi uwanjani kufungua hema la mwisho. Radi ikampata hapo. Yuko hai. Mguu umeungua. Sikio moja halisikii.

Jassi aliniuliza swali moja tu. "Ulijua lini?"

"Jumatano."

Hakupiga kelele. Aligeukia skrini, akaandika tahadhari ya Dagoretti na Kawangware.

Jumatatu, 27 Machi

Nimepitia hospitalini, Hurlingham. Mke wa yule mwalimu alinishika mikono yote miwili. "Ni wewe ulipiga simu? Mungu akubariki sana." Nikasema nachelewa basi, nikaondoka.

Jassi haongei nami. Mutiso anaamini niligundua kosa Jumamosi ile ile. Amenisifu mbele ya wote. Nimezingoja sifa hizo miaka kumi na sita. Zilinichoma.

Alhamisi, 30 Machi

Mjini. Ukumbi umejaa. Nilidhani Jassi ataomba udhuru. Alisimama. Kabla ya kuonyesha mchoro hata mmoja akasema alichanganya saa, akatoa ushauri mbaya, na mtu akaumia. Akanywa maji, akaendelea. Hakunitaja. Angeweza.

Kisha akaonyesha hesabu mpya. Nusu saa. Watu wakauliza maswali mpaka chai ikapoa.

Mimi nilikaa nyuma kabisa. Wivu ulinipanda tena, mkali kuliko wa siku zote. Si wa shahada. Si wa gari. Mimi nisingeweza kusimama pale.

Ijumaa, 31 Machi

Nimemwambia Mutiso. Yote, tangu Jumatano, pamoja na zile dakika kumi na mbili. Alivua miwani, akanisukumia karatasi. "Andika," akasema. Nimeandika kurasa mbili, nikatia sahihi. Sijui watanifanya nini.

Jassi alikuwa mlangoni nilipotoka. Alisogea nipite.

Nimefika nyumbani, nimefua, nimeanika. Binti yangu Kui ameniuliza kuna nini leo. Nimemwambia amalize kula kwanza, nitamweleza.