Insha Yangu ya Kiingereza Imemponza Shemeji

Shangazi mpendwa, kabla sijakuomba msaada naomba kwanza ujue unaongea na nani, maana mimi ndiye kijana anayeongoza kwa Kiingereza kuanzia stendi mpaka machinjioni, na wenye digrii wa mtaa huu wakiniona nakuja wanahamia upande wa pili wa barabara wasije wakaulizwa swali. Shule niliiachia kidato cha pili, au tuseme shule yenyewe ilishindwa kwenda na kasi yangu, lakini Kiingereza nilikichota mwenyewe kwenye maboksi, kwa sababu kazi yangu ni kupakua malori, na mtu anayebeba boksi kutwa nzima lazima atasoma kilichoandikwa ubavuni, tikisa kabla ya kutumia, upande huu ukae juu, weka mbali na watoto, na ndiyo maana wananiita Profesa, nami siwakatazi.

Sasa msaada wenyewe. Naishi kwa kaka yangu, fundi wa kuchomelea mageti, pamoja na mke wake, shemeji yangu, ambaye mpaka juzi alikuwa keshia wa supamaketi iliyo karibu na kwetu, na huyu shemeji, Shangazi, ndiye aliyenipokea na mfuko wangu wa nguo pale baba mdogo aliponitoa kwake, akamwambia kaka mwache akae, kula yake haitatumaliza, ingawa kula yangu naijua mwenyewe. Basi supamaketi ikabandika tangazo mlangoni kwamba anayeweza aeleze kwa Kiingereza, ukurasa mmoja tu, safari ya kawaida ya kununua vitu dukani kwao, aeleze waziwazi kiasi kwamba mtu ambaye hajawahi kukanyaga pale aone kila kitu, na mshindi atajaziwa toroli.

Kaka akanitania wakati wa kula, "Profesa, si unatutambia kila siku, kajaze toroli basi."

Nikamwambia, "Kaka, hofu yangu ni toroli lenyewe kuwa dogo."

Nikaandika ya kwanza, nikaijaza maneno mazito mazito ambayo mengine hata mimi nayo tulikuwa hatujazoeana, shemeji akaisoma, naye Kiingereza anakijua kimyakimya, akacheka mpaka akashika kiuno. "Shem, huyu mtu amekwenda kununua sabuni au kufungua bunge? Andika ulichokiona. Mtu anaingia, anachukua vitu, anapanga foleni, analipa, anarudi kwao. Basi."

Nami nikafuata, nikaingia dukani kwa miguu yangu kununua sabuni, unga na kiberiti, macho nimeyatoa kama fundi saa, nikarudi nikaandika yote, jinsi ubaridi unavyokupiga shingoni ukipita kwenye friji za maziwa, jinsi mtoto alivyojilaza sakafuni akililia biskuti huku mama yake akisoma bei ya chumvi kama vile hamjui ni wa nani, jinsi mzee mmoja alivyonusa sabuni moja baada ya nyingine halafu akachukua ile ile ya kwanza. Kisha nikafika foleni, na hapo ndipo kalamu ilipokolea, nikaandika kwamba keshia wa kaunta ya mwisho ni bora kuliko wote, vitu vinapita mikononi mwake kama karata, na ukichungulia chini utaona amevua viatu kwa sababu miguu imevimba, na amekalia kreti la soda lililogeuzwa, maana mtoto aliye ndani ya lile koti kubwa la kazi sasa amekuwa mzito, lakini hakuna mteja anayeondoka bila kuchekewa.

Nilikuwa namsifu, Shangazi, naapa nilikuwa namsifu. Ni kweli nyumbani sote tulijua kwamba pale dukani keshia haruhusiwi kukaa, na tulijua koti lile aliliomba kwa mwenzake mnene ili tumbo lisionekane, kwa sababu makeshia wenye mikataba mifupi wakionekana wajawazito mkataba hauongezwi, na wake ulikuwa unakaribia kuongezwa. Tulijua. Lakini mtu akiandika Kiingereza anaona kama anaongea na watu wa mbali, mimi nilidhani Kiingereza ni cha kushangaza watu, sikufikiri kuna mtu atakielewa.

Insha sikumwonyesha, nilitaka kumshtukiza. Aliyesahihisha ni mwalimu wa kukodiwa ambaye duka lile halijui, yeye alitazama Kiingereza tu, akanipa ushindi, na Jumamosi wakaniita nisome kwa kipaza sauti pale mlangoni, wateja wamejaa, meneja kasimama ubavuni kwangu na tai yake, anatabasamu kama bwana harusi. Nikasoma. Kwenye mtoto wa biskuti watu wakavunjika mbavu, kwenye mzee wa sabuni wakapiga makofi, nikapandisha sauti, nikaingia foleni, nikafika kwenye kreti, na hapo nikaona tabasamu la meneja linazimika kidogo kidogo kama jiko lililoishiwa gesi, akaniacha na kipaza sauti changu, akatembea mpaka kaunta ya mwisho, akainama, akachungulia chini.

Mashine zote zilinyamaza. Akamwambia, "Simama." Shemeji akasimama bila viatu. Akamwambia, "Vua koti."

Shangazi, mimi nimeona lori likipinduka na mzigo wote, lakini sijawahi kushtuka vile, kipaza sauti kikawa kinatoa pumzi zangu duka zima. Alivuliwa sare pale pale mbele ya watu aliowahudumia asubuhi, akaambiwa asirudi, halafu, usiniulize kwa nini, wakaniletea toroli langu limejaa, wakanipiga picha. Tulirudi nyumbani mimi mbele nasukuma toroli, yeye nyuma amebeba viatu mkononi.

Kaka alipouliza, shemeji akajibu, "Wamepunguza watu." Basi, hilo tu. Kaka akasikitika, kisha akanipiga bega, "Afadhali mdogo wangu ametuletea riziki, bila wewe leo tungekula nini?" Na tangu siku ile tunakula toroli, kila chakula kaka ananisifu, mimi namtazama shemeji, shemeji anatazama sahani, ananiambia, "Kula, shem."

Sasa naomba ushauri wako, niende kwa meneja nikamwambie yote niliyatunga, au ninyamaze kama alivyonyamaza yeye, maana kaka mkono wake mzito, ni mkono wa mtu wa vyuma, na pia nauliza, kosa ni langu au la yule aliyebandika tangazo la kutaka mambo yaelezwe waziwazi?

Ni mimi, Profesa, tonge halipiti.

*

Profesa, barua yako nimeianza nimesimama, nimeimaliza nimekaa, na mimi bahati yangu hakuna wa kuniambia simama.

Tuanze na swali lako la mwisho, maana ndilo la kitoto kuliko yote. Tangazo halikumjua shemeji yako. Wewe ulimjua. Siri ya nyumba uliikuta ndani ya nyumba, ukalala nayo, ukala nayo, kisha ukaitoa nje umeivalisha nguo za kigeni ukidhani hazionyeshi mwili. Kiingereza kinaeleweka, mwanangu. Ndiyo kazi yake.

Kwa meneja usiende kusema ulitunga. Kreti ameliona kwa macho yake, viatu ameviona, tumbo ameliona. Utaongeza uongo juu ya msiba na atakucheka. Yeye naye simwachi apite hivi hivi: mtu mzima mwenye tai kumvua mjamzito sare mbele ya kadamnasi, halafu akapiga picha, huyo amekosa mtu wa kumwambia aone haya. Mimi si mwanasheria, lakini muulize shemeji yako kama yuko tayari kwenda ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi, aulize kama inafaa kumtoa mtu kwa sababu ya mimba. Umeniambia kazi ilikwisha dakika ile ile tumbo lilipoonekana, na duka zima lilishuhudia. Basi ukaseme hivyo popote watakapotaka shahidi. Akisema hataki kwenda, usimburute. Umeshamsemea vya kutosha.

Kaka yako mwambie leo, kabla sahani hazijatandazwa, na umwambie wewe, si yeye. Mke wake anabeba mtoto, anabeba kufukuzwa, na sasa anabeba na uongo kwa ajili yako. Mizigo si ndiyo kazi yako? Mpokee. Mkono wa kaka ukikuangukia, utapona. Na kuanzia wiki hii, unachopata kwenye malori kiingie jikoni, mpaka ajifungue na mpaka apate pengine pa kufanya kazi. Sifa zako zikae stendi.

Jambo moja limenikaa kooni. Umemwona mtoto wa biskuti, umemwona mzee akinusa sabuni, umeona hata tabasamu la meneja linavyozimika. Kaunta ya mwisho ilikuwa mbele yako muda wote uliokuwa unasoma, na shemeji yako alikuwa pale. Mbona kwenye barua yako hukuandika yeye alikuwa anafanya nini? Usinijibu mimi. Jijibu, kisha ukamwombe radhi kwa hilo, kwa lugha ya nyumbani.

Shangazi

*

Shangazi, nimefanya. Kaka hakunipiga, afadhali angenipiga, alitoka nje akachomelea geti la mtu mpaka jua likazama. Shemeji amekubali kwenda ofisi ya kazi, tunakwenda Jumatatu, ameniambia nikifika nijibu nitakachoulizwa na nisiongeze. Watasema nini sijui.

Ulisema nisikujibu wewe, lakini nyumbani nimeshindwa kulitamka, kwa hiyo nalileta kwako kwanza.

Nilimwona. Nilipomaliza mzee wa sabuni niliinua macho, shemeji alikuwa ameacha kuhudumia, kaweka kidole mdomoni, mkono mwingine umeshika tumbo, anatikisa kichwa taratibu, maana alijua baada ya vitu inafuata foleni. Nilielewa, Shangazi. Hakuna asiyeelewa vile. Insha ilikuwa mkononi mwangu mimi, ningeruka mistari ile, ningetoka foleni nikarudi nyumbani na sabuni yangu, hakuna ambaye angejua.

Lakini walikuwa wananipigia makofi, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kupigiwa makofi, nikainamisha macho nikaendelea kusoma.