Bunduki Nyepesi kwa Baba

Ushirombo,
14 Novemba 1976.

Mpendwa Baba Mdogo Valerian,

Shikamoo. Kabla ya salamu nyingine niseme jambo ambalo sijamwambia mtu, nisije nikaogopa: kanga wote walioliwa hapa nyumbani tangu mwezi wa sita nimewapiga mimi. Baba haoni vizuri. Mtu aliye hatua kumi humtambua kwa sauti tu.

Sasa nakuuliza hali. Mguu umepona? Watoto hawajambo? Sisi ni wazima, ila nimechoka. Tangu nimalize darasa la saba, kukipambazuka niko porini, jua likipanda niko kwenye pamba.

Kanga wamezidi mwaka huu. Karanga tukizipanda leo, kesho wamezifukua. Kaka Otmar angekuwepo angewawinda yeye, lakini tangu aende kuchimba dhahabu Geita hajarudi. Basi naenda na Baba. Yeye husikiliza, kisha huninong'oneza, "Kushoto, penye kichuguu. Acha wakusanyike." Hushindilia baruti kwenye gobore kwa kupapasa, mimi nalenga. Tukikaribia nyumbani hulibeba yeye, maana unajua huku mwanamke haruhusiwi hata kuiruka bunduki.

Mama humpa Baba firigisi, sehemu ya mwindaji. Juzi jirani yetu, Mama Paskalina, alimtania: "Shemeji, una macho ya mwewe! Mume wangu hata kuku wa bandani anamkosa." Watu wakacheka. Baba akaitafuna ile firigisi muda mrefu.

Sasa kuhusu zile bunduki mbili za bwana misitu anayestaafu hapo Tabora, ulizosema utamchukulia Baba moja. Katika barua yake iliyomo humu kwenye bahasha, Baba ameniambia niandike kwamba anataka ile nzito ya mitutu miwili. "Ya mtutu mmoja ni ya kutishia nyani," alisema. Ningeweza kuandika vingine, asingeona. Nilishindwa.

Baba Mdogo, chagua ya mtutu mmoja. Gobore limenivimbisha bega, hata jembe nalishika kwa shida. Ile nzito sitaiweza. Nitakosa kanga, na watu wataanza kumchunguza Baba. Iwe na kitako kifupi, na mkanda wa kuitundika begani, kwa sababu njiani mkono mmoja namshika Baba. Risasi ziwe za ndege, zenye chembe ndogo. Za swala huchanachana nyama. Wewe ndiye unayeitoa, kwa hiyo unaweza kusema tu kwamba hiyo ndiyo uliyoipenda.

Wasalimie Mama Mdogo Apolonia, Ignas na Justina. Mungu awalinde nyote, na wewe akupunguzie uchovu wa kazi ya reli.

Barua hii usimsomee mtu, hata Mama Mdogo. Jibu lako nitalisoma mimi mbele ya wote, basi usinitaje. Baba mwenyewe hajawahi kutamka kwamba haoni. Akijua nimetamka mimi, nadhani hataniita tena alfajiri.

Mwanao akupendaye,
Coletha