Kidonge Ulichokibashiri Wewe

Mwaka umetimia leo, Baba Watoto, tangu moyo wako uliposimama ukiwa kazini, miwani umeipandisha kwenye paji la uso na kompyuta ikiendelea kuhesabu. Naandika nikiwa na hofu, na unanijua, nikiogopa huwa mkali.

Watu wakiniuliza mume wangu alifanya kazi gani, huwajibu: alitafuta vijidudu vya kifua kikuu vipigwe wapi. Wenzako wa maabara walijaribu maelfu ya kemikali juu ya vijidudu hivyo, moja moja, kwenye visahani vya plastiki vyenye vishimo. Wewe ulichukua majibu, ipi imeua na ipi imeshindwa, ukakaa na kompyuta kubashiri kila kemikali inashambulia sehemu gani ya kijidudu. Zilizoshindwa hukuzitupa. "Nazo zina la kusema," ulisema, huku chai yako inapoa.

Ulikuwa mpole jamani! Dada yako mshonaji alikuita Bwana Labda, maana hata ukiulizwa kama umeshiba ulijibu, "Labda." Tulicheka sana. Siku hizi nikilikumbuka neno hilo natokwa na jasho.

Sisahau siku uliyorudi nyumbani umenywea. Ulikuwa umeshatangaza kwamba umepata kemikali inayoua, kumbe vishimo vya pembeni mwa visahani vilikauka, vijidudu vikafa kwa kukosa maji. Kemikali haikufanya lolote. Mwingine angenyamaza. Wewe uliwaita wote ukasema, "Nimekosea," ukaomba zipimwe upya, safari hii katikati ya kisahani. Ndipo ukabashiri tena, na kwa ubashiri huo wa pili kikatengenezwa kidonge ambacho sasa kinajaribiwa kwa wagonjwa.

Baba Watoto, binti yetu wa mwisho anakohoa damu. Dawa za kawaida zote zimegonga mwamba. Daktari wake alituletea fomu ya majaribio, na nilipouliza hicho kidonge kinapiga wapi, akataja sehemu ileile uliyoibashiri. Nimekuwa mkeo miaka ishirini na sita, najua ulivyokuwa ukikosea: tarehe, funguo, saizi ya viatu vyangu. Je, na hapa?

"Mama, baba alirudia," binti akaniambia, akasaini mwenyewe, maana ni mtu mzima. Nikamfokea mbele ya daktari, halafu nikaenda kulia chooni.

Mwaka mzima nimekuombea upumzike. Leo sina nafasi ya ombi hilo. Naomba tu iwe ulipatia.

Unakumbukwa na mimi mkeo. Mwanao fundi umeme. Dada yako mshonaji. Wenzako wa maabara. Na kitindamimba wako, anayemeza kidonge cha kwanza kesho asubuhi.

Hututoki moyoni, leo wala kesho.