Komeo Likae Ndani au Nje?

Mshauri wangu mpendwa, nakuomba unijibu upesi kwa sababu mwisho wa mwezi fundi anakuja kuchimba mashimo ya nguzo na mimi bado sijui nijenge uzio wa namna gani, na shida yenyewe si uzio tu, ila nikianza na uzio nitapata nguvu ya kusema lililobaki.

Nimeita mafundi watatu, wa kwanza akasema ukuta wa matofali wenye vipande vya chupa juu, wa pili akasema mabati, yanakwenda haraka na hayana maneno, na wa tatu, mzee mfupi ambaye watu wanamwita Futikamba, alizunguka kiwanja chote mikono nyuma kisha akasimama kwenye kinjia kinachotoka mlango wetu wa jikoni hadi barazani kwa jirani yetu fundi cherehani, majani yamekwisha kabisa hapo, akaniuliza, "Dada, hapa nani anapita kila siku?" nami nikamwambia ni kuku.

Mshauri, mimi sifugi kuku. Anayepita pale ni baba yangu. Amekuwa seremala miaka arobaini, nusu ya milango ya mtaa huu ni kazi ya mikono yake, lakini sasa kumbukumbu inamtoka kidogo kidogo, asubuhi ananiita kwa jina la marehemu mama na mchana ananiita kwa jina langu, na kila siku anavuka kwenda kukaa kando ya cherehani ya jirani, huko hana tabu, ila mwezi uliopita alitokea mlango wa mbele, akavuka barabara ya malori, tukamkuta kituo cha basi ameshika msumeno, anasema amechelewa kazini, na karakana yenyewe ilifungwa kabla mimi sijaolewa. Tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia. Watu wote nimewaambia uzio ni wa wezi, hata mume wangu, hata baba mwenyewe.

Na baba amefurahi kweli! Siku ya kupima alishika ncha ya futi, anamwelekeza Futikamba, "Vuta, vuta bwana, isifanye tumbo hapo katikati," halafu akaninong'oneza niweke kitu imara, wezi wa siku hizi hawana haya. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tulipofika penye geti Futikamba akauliza, "Komeo likae ndani au nje?" nikajibu bila kufikiri, "Nje." Baba akaachia futi, ikajikunja yenyewe mpaka mkononi mwa fundi, akanitazama, akasema taratibu, "Komeo la nje ni la zizi, mwanangu." Kisha akajiendea zake kwa jirani kama kawaida.

Sasa nakuuliza, mshauri, alielewa, au ulikuwa ni useremala tu unajisemea? Siku nne nzima nimemchunguza, anavyokunywa chai, anavyofunga kamba za viatu, sipati jibu. Na je, nichague uzio gani?

Binti wa seremala

MSHAURI ANAJIBU

Binti wa seremala, kuku wako nimewapenda. Ndio wa kwanza kuwasikia wanaokanyaga njia moja iliyonyooka hadi kwa fundi cherehani! Futikamba hukumdanganya, amekustahi tu. Fundi anayetazama ardhi kabla ya kutaja matofali ndiye wa kumpa kazi, lakini usimpe kwa mapenzi. Muulize amejenga wapi, nenda ukautikise uzio wake wa miaka mitatu iliyopita, ukicheza achana naye. Andikianeni kwenye karatasi nguzo zinaingia ardhini kiasi gani na saruji inakauka siku ngapi kabla uzio haujafungwa. Na kabla jembe halijagusa udongo, mwite jirani mkatafute jiwe la mpaka pamoja. Ukimchomekea nguzo upande wake utamuudhi mtu anayekaa na baba yako kila siku bila kuombwa.

Ukuta usijenge. Hofu yako naielewa, na aliyemkuta baba yake kituoni na msumeno mkononi hachekwi. Lakini mzee akianguka nyuma ya matofali, nani atamwona? Mabati ni yale yale, tena yana makali. Weka wavu wa chuma wenye matundu madogo, nguzo za zege, urefu upite kifua: yeye aone nje, na walio nje wamwone. Penye kile kinjia acha kigeti kisicho na kufuli wala komeo, njia yake usiikate. Upande wa barabara weka geti la mbao lenye kengele, likiguswa tu nyumba nzima isikie. Wenye maduka pale kituoni waachie namba yako ya simu. Na mumeo mwambie ukweli leo hii, kwa sababu mficha uchi hazai, na mzigo huu huwezi kuubeba peke yako.

Unauliza kama alielewa. Hata mimi natamani kujua, nimeisoma barua yako mara tatu kwa sababu ya sentensi ile moja. Sijui. Wewe nawe hutajua kwa kuhesabu mafunda ya chai ya mtu ambaye ungeweza kumuuliza. Lakini hebu jiangalie: umemshikisha baba yako futi ya kupimia kifungo chake mwenyewe, naye akaishika kwa furaha. Hilo ndilo linalokuchoma. Kamwombe radhi, asubuhi, akili ikiwa imetulia, hata kama mchana atakuwa amesahau.

Bado komeo. Umeita mafundi watatu kutoka nje, na fundi wa milango wa miaka arobaini umemwacha akae kando ya cherehani ya watu! Kabla Futikamba hajaja, mpe baba msumeno wake na kipande cha mbao ngumu, umwambie hivi, bila wezi na bila kuku: "Baba, tunaogopa utapotea barabarani. Tutengenezee komeo la geti." Siku ya kulipachika mwache ashike mwenyewe nyundo, na upande atakaouchagua, mwanangu, usibishane na fundi.