Shauri la Shamba la Chala

Sumbawanga

Kaka yangu Modesti,

Shikamoo. Wauza dagaa wameniambia uko Kirando, mzima, ila umekonda. Kula hao samaki wenu, migebuka, kaka, si kuwatengea wenzako tu. Sisi hatujambo. Baridi inatuchapa kama kawaida, na goti la mama linamsumbua, ingawa ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Najua hupokei simu kwa kuogopa kusikia kwamba shamba la Chala limeuzwa. Basi tulia usome. Halijauzwa.

Benki hii ya ushirika iliyoniajiri iliomba kibali cha mahakama ilipige mnada, kwa ule mkopo wa mbolea uliokushinda kulipa mahindi yalipokauka. Mama akaweka pingamizi, akisaidiwa na Scola, wakili wa msaada wa kisheria. Kesi ikiendelea, mama akashika jembe, akaanza kufukia majani kwenye ntumba, vile vilima vya kupandia msimu ujao. Majirani wakamwambia anamtayarishia mnunuzi. Akawajibu kwamba mwanawe akirudi atataka maharage. Nililia, sikufichi.

Mahakamani, wakili wa benki alidai kwamba benki ni benki, ina leseni kama nyingine, hivyo ina haki ya kuuza dhamana. Scola akasema benki hii ni mali ya wanachama, na mgogoro wa chama na mwanachama wake huanzia kwenye usuluhishi wa ushirika, kisha kwa Mrajisi wa vyama vya ushirika, si kwa dalali. Walivutana asubuhi nzima. Hatimaye hakimu akasema anataka kujua jambo moja tu, kama ulikopa ukiwa mteja au mwanachama, akamgeukia shahidi wa benki.

Kaka, shahidi huyo nilikuwa mimi. Meneja alinichagua kwa kuwa ndiye ninayeshughulikia hisa. Nilipomkumbusha kwamba wewe ni kaka yangu, alisema ndiyo vizuri, hakimu ataona hata ndugu zako wako upande wetu. Alinielekeza niseme ulikuwa mteja. Niliposimama pale nikasema una hisa, na kwamba siku ya kuchagua bodi ulinyoosha mkono mbele yangu. Hakimu akasimamisha mnada, akaamuru twende kwanza kwenye usuluhishi. Ijumaa ile ile nikaachishwa kazi. Mama hajui, na usimwambie. Sijutii hata kidogo.

Lakini kwenye usuluhishi mama hana kiti, nami sina. Anayeitwa ni mwanachama mwenyewe. Usipofika, benki itarudi kwa hakimu, na safari hiyo sitakuwa na neno la kusema. Kikao ni Jumanne baada ya Pasaka, ofisi ya ushirika Chala.

Wasalimie wote wanaokutunza huko ziwani. Mama anakusalimu sana, hana kinyongo nawe. Njoo tu, kaka. Hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi.

Mdogo wako akupendaye,
Rozina